Maneno Yaliyoongezwa Ukutani: Msomaji wa Kikorea mbele ya Animal Farm

Riwaya ya Animal Farm, aliyoiandika George Orwell na kuchapishwa London tarehe 17 Agosti 1945, huwekwa mapema mikononi mwa watu wanaojifunza Kiingereza. Ni kitabu kifupi chenye maneno takriban 30,000. Sentensi zake hazina mizunguko, na wahusika wake wengi ni wanyama wa shambani ambao majina yao hufundishwa katika masomo ya mwanzo. Wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa jina la Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka mwaka 1967. Nchini Korea Kusini nako kimo miongoni mwa vitabu ambavyo mwanafunzi huvifungua akiwa na kalamu mkononi na daftari dogo la maneno kando yake. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba wepesi wa kitabu hicho ni wa kudanganya, na kwamba daftari lile, kwa jinsi linavyotumika, humfundisha msomaji karibu kila neno isipokuwa yale ambayo riwaya yenyewe imesimama juu yake.

Daftari hilo, liitwalo daneojang kwa Kikorea, lina safu mbili. Kushoto hukaa neno la Kiingereza, kulia maana yake, mara nyingi neno moja kwa neno moja. Utaratibu huu umekomazwa na mitihani, hasa ule wa kuingilia vyuo vikuu ulioanzishwa mwaka 1993, ambao sehemu yake ya Kiingereza humtaka mtahiniwa asome vifungu vingi kwa muda mfupi. Hapana budi kukiri kwamba una mantiki yake. Mfaransa akikutana na neno la asili ya Kilatini katika ukurasa wa Kiingereza hulitambua kama jamaa wa mbali. Mkorea hana jamaa humo. Msamiati wake wa kisomi ulitoka China, kama Kiswahili kilivyochota wake katika Kiarabu, na jina lenyewe la riwaya hii kwa Kikorea, Dongmul nongjang, limeundwa kwa vipande vinne vya asili ya Kichina: kitu kiendacho, na mahali pa kilimo. Lolote la Kiingereza asilolijua hana budi kulitafuta na kuliandika.

Wataalamu wa ufundishaji wa lugha wamelipima jambo hili kwa hesabu. Hu na Nation walieleza mwaka 2000 kwamba msomaji anahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno ya matini ndipo aielewe bila msaada, yaani asikutane na zaidi ya neno moja geni katika kila maneno 50. Kabla yao, mwaka 1994, Kyung-Sook Cho na Stephen Krashen walikuwa wamechapisha uchunguzi juu ya wanawake wanne wahamiaji nchini Marekani, watatu kati yao wakiwa Wakorea. Wanawake hao walipewa hadithi za mfululizo wa Sweet Valley. Zile zilizoandikwa kwa ajili ya vijana ziliwashinda. Zile za watoto wadogo zikawafaa, nao wakaanza kusoma kwa hamu na kuokota maneno njiani bila kukariri orodha. Uchunguzi huo una thamani kubwa, kwani ulimrudishia mwanafunzi mtu mzima raha ambayo shule ilikuwa imemnyang'anya. Hata hivyo, vipimo vya namna hii, viwe vya hesabu au vya raha, hudhania kwamba neno ama linajulikana ama halijulikani, na kwamba msomaji mwenyewe anatambua lipi ni lipi. Dhana hiyo yatosha kwa hadithi za watoto wa shule. Katika Animal Farm haitoshi.

Ni haki kuanza na mahali ambapo daftari hufanya kazi yake vizuri. Katika sura ya kwanza nguruwe mzee, Old Major, anamtabiria farasi Boxer mwisho wake: siku nguvu zitakapomwishia, bwana Jones atamwuza kwa mtu ambaye Kiingereza humwita "knacker", naye atamchinja na kumchemsha awe chakula cha mbwa wa kuwindia. Neno hilo ni adimu. Mwanafunzi wa Seoul halijui, na kamusi humpa maelezo marefu badala ya neno moja. Lakini hata asipofungua kamusi, sentensi ya Major imekwisha kumweleza kazi ya mtu huyo, kisu na sufuria. Kisha sura nyingi zinapita. Katika sura ya tisa Boxer aliyevunjika nguvu anapakiwa katika gari lililofungwa. Wanyama wanampungia kwaheri kwa furaha, na punda Benjamin, ambaye katika maisha yake yote hakuwa na haja ya kuonyesha kwamba anajua kusoma, anawapigia kelele wasome yaliyoandikwa ubavuni mwa gari. Neno lililopandwa katika sura ya kwanza linavunwa hapo. Msomaji aliyeliandika katika daftari lake hatalisahau tena, na hakuna orodha ya mtihani ambayo ingeweza kumpa neno hilo likiwa na uzito huo. Watetezi wa kusoma riwaya wana hoja hapa, na wapewe haki yao.

Sasa uje ukuta. Amri saba za shamba zimeandikwa kwa herufi kubwa nyeupe juu ya ukuta wa ghala uliopakwa lami, na zinasomeka kutoka umbali wa yadi 30. Kadiri nguruwe wanavyojitwalia starehe za binadamu, ndivyo amri zinavyobadilika. Katazo la kulala kitandani linaongezewa habari ya shuka. Katazo la pombe linaongezewa "kupita kiasi". Katazo la kuua linaongezewa "bila sababu". Kila mara nyongeza ni ya maneno mawili ya Kiingereza, na kila mara yanakaa mwisho kabisa wa sentensi. Usiku mmoja Squealer, msemaji wa nguruwe, anakutwa ameanguka chini ya ukuta, ngazi imevunjika, na kando yake pana taa, brashi na kopo la rangi nyeupe. Wanyama hawaelewi, isipokuwa Benjamin.

Inafaa kutazama kwa makini ni kitu gani kinachomwezesha Squealer kufanya kazi yake kwa kopo moja la rangi nyeupe. Ni sarufi ya Kiingereza. Sentensi ya katazo katika lugha hiyo hutaja katazo mwanzoni kabisa, kisha tendo. Sentensi huonekana imekwisha, na bado mwishoni pana nafasi ya kupachika sharti. Anayeghushi hana haja ya kufuta lolote. Kiswahili nacho kingempa nafasi hiyohiyo, kwani katika Kiswahili "kupita kiasi" na "bila sababu" hufuata tendo bila taabu. Kikorea hakimpi. Katika Kikorea kitenzi hukaa mwisho wa sentensi, na alama ya kukataza hukaa mwisho wa kitenzi. Neno la mwisho la amri ndilo linalokataza. "Kupita kiasi", yaani gwadohage, sharti litangulie kitenzi; "bila sababu", yaani iyu eopsi, vivyo hivyo; na shuka sharti zitajwe kabla ya kitanda chenyewe. Squealer wa Kikorea angelazimika kufika na kopo la pili, la lami, afute nusu ya mstari na kuuandika upya. Mfasiri, naye, hana la kufanya ila kuingiza maneno mapya katikati, na msomaji wa tafsiri anaweza kufika mwisho wa kitabu asione kwamba mandhari ya ngazi na rangi imekuwa ngumu kuaminika.

Hapo ndipo kusoma kwa Kiingereza kunapompa Mkorea kitu ambacho tafsiri haiwezi kumpa. Lakini anakipata kwa sharti moja: asiisome sentensi kutoka nyuma. Shule ya zamani ya Kikorea ilimzoeza mwanafunzi kuigeuza sentensi ya Kiingereza ili ifuate mpangilio wa lugha yake: aende mwisho, achukue maelezo, ayarudishe mbele ya kitenzi, ndipo aseme maana. Walimu wengine wamepinga desturi hiyo na kufundisha ile iitwayo jikdok jikhae, yaani kusoma moja kwa moja na kuelewa kwa mfuatano uleule ambao maneno yamekuja. Mjadala huo kwa kawaida huendeshwa kama suala la kasi katika mtihani. Riwaya hii inaonyesha kwamba ni zaidi ya kasi. Anayeigeuza sentensi huyapokea maneno mawili yaliyoongezwa, akayatuliza katikati ya Kikorea chake, yakakaa kimya kama kwamba yamekuwapo tangu mwanzo. Amemaliza kazi ya Squealer kwa mkono wake mwenyewe, tena bila ngazi. Anayefuata mfuatano wa Kiingereza husikia sentensi ikifika mwisho, kisha ikiendelea kidogo kupita mwisho huo. Na huo mwendo mdogo ndio uhalifu wenyewe. Jambo la kustaajabisha ni kwamba lugha yake ya nyumbani ilikwisha kumfundisha kutoamini sentensi mpaka imalizike, kwa sababu katika Kikorea ndiyo na siyo huamuliwa mwishoni. Ni shule iliyomwondolea silaha hiyo.

Daftari halitamwokoa. Neno la Kiingereza la "sababu" limo ndani yake tangu madarasa ya awali, na mbele yake pameandikwa neno moja la Kikorea. "Bila" pia limo. Katika hesabu ya asilimia 98 maneno hayo yamehesabiwa kuwa yanajulikana, na hayana alama ya kalamu chini yake. Zaidi ya hayo, sentensi maarufu kuliko zote katika kitabu, ile ya mwisho ukutani inayochukua neno la "sawa" na kulitia "zaidi", haina neno hata moja ambalo mwanafunzi wa miaka mitatu ya Kiingereza halijui. Kwa kipimo cha wataalamu, sentensi hiyo inaeleweka kwa asilimia 100.

Habari ya shuka yahitaji maneno zaidi, maana hapo msamiati na siasa vimeshikana. Squealer anajitetea kwamba kitanda ni mahali pa kulala tu, hata rundo la majani ni kitanda. Kilichokatazwa ni shuka, ambazo ni uzushi wa binadamu, na nguruwe wamekwisha kuziondoa, wanalala kati ya mablanketi. Hoja hiyo ni ya kamusi: anachukua neno linalojulikana na kulipa maana pana kiasi kwamba katazo linatoweka. Msomaji wa Kikorea huifikia akiwa na mzigo wa pekee. Neno la shuka limeingia katika Kikorea kwa umbo la siteu, na umbo hilohilo limebeba pia neno la Kiingereza la kiti, kama kile cha ndani ya gari; maneno mawili ambayo Mwingereza huyatenganisha kwa konsonanti ya mwanzo tu, Mkorea huyaandika mamoja. Na kitanda chenyewe kilikuwa kitu cha kigeni. Watu wa Korea walilala kwa karne nyingi juu ya godoro jembamba lililotandikwa sakafuni na kukunjwa asubuhi, juu ya sakafu iliyopashwa moto kutoka chini. Kwa msomaji wa mwaka 1948, tafsiri ya Kikorea ya riwaya hii ilipotoka, kitanda na shuka vyote viwili vilikuwa vyombo vya nyumba ya mgeni, na ujanja wa kuvitenganisha haukuweza kumchoma kama ulivyomchoma Mwingereza aliyelala katika vyote viwili tangu utotoni. Maana ya neno haihami yote kutoka safu ya kushoto kwenda safu ya kulia.

Mwaka huo wa 1948 ndio Korea ilipokuwa dola mbili, na jambo hilo liligusa neno jingine la kitabu, lile ambalo wanyama huitana tangu hotuba ya Major: "comrade". Kikorea kina maneno mawili kwa ajili yake. Dongji ni la asili ya Kichina na lina sura ya mkutano wa hadhara. Dongmu lilikuwa neno la nyumbani, la mtoto na mwenzake wa kucheza, na bado lipo katika neno la marafiki wanaotembea wameshikana mabega, eokkaedongmu. Kaskazini walilichukua kuwa neno la chama. Kusini likaanza kuogopwa. Watu wakaliacha na kusema chingu wanapotaka kumtaja rafiki. Hivyo Mkorea wa kusini anapoandika neno hili la Kiingereza katika safu ya kushoto, upande wa kulia hana neno lisilo na jeraha. Huko kaskazini, zaidi ya hayo, desturi imeyapanga maneno hayo mawili kwa daraja: dongji kwa mkubwa, dongmu kwa mwenzi au mdogo. Kiingereza cha Orwell hakina mgawanyo huo. Neno lilelile humwendea Napoleon na Boxer, na usawa unakaa katika neno muda mrefu baada ya kuondoka shambani.

Msomaji wa Lubumbashi aliyeishi miaka ya Zaire hahitaji maelezo marefu hapa. Anakumbuka neno la Kifaransa "citoyen", ambalo serikali iliweka mahali pa Bwana na Bibi, na ambalo kila mtoto wa shule alijua maana yake kabla ya kujua kazi yake. Mtanzania atakumbuka safari ya neno "ndugu".

Jambo la daraja linaenda mbali kuliko neno moja. Kitenzi cha Kikorea hakiwezi kumalizika bila kuonyesha msemaji anamheshimu nani. Na ndugu hawatajwi bila umri, kama vile katika Kiswahili cha Katanga yaya hawezi kuchanganywa na mudogo. Mfasiri wa Animal Farm analazimika kuamua, tangu ukurasa wa kwanza wa mazungumzo, farasi atamsemesha nguruwe kwa miisho gani ya kitenzi. Akimpa miisho ya heshima, usawa umekufa kabla ya mapinduzi. Akimnyima, msomaji husikia utovu wa adabu ambao haumo katika Kiingereza. Kwa sababu hiyo baadhi ya walimu husema kwamba Kiingereza ni lugha isiyo na heshima, na mwanafunzi huandika neno la "wewe" katika daftari lake kana kwamba amepata neno la usawa. Hukumu hiyo ni ya haraka. Kiingereza cha riwaya hii kinaijua heshima, ila kinaificha katika vyeo: Napoleon anaanza kutajwa kwa jina tupu, na kufikia sura ya nane jina hilo limevikwa cheo cha kiongozi. Mkorea anayetafuta daraja katika kitenzi haioni, kwa kuwa imewekwa mahali ambapo lugha yake haimfundishi kutazama kwanza. Anayeisoma riwaya mara ya pili, akiwa amefunga daftari na kufuatilia majina tu, huiona yote.

Orwell mwenyewe, ni kama aliyaona haya mapema, maana kitabu chake ni pia kitabu cha watu wanaojifunza kusoma. Nguruwe wamejifunza katika kitabu cha zamani cha tahajia cha watoto wa Jones, kilichotupwa jalalani. Mollie hakutaka kujifunza zaidi ya herufi za jina lake. Boxer alikwama kwenye herufi ya nne. Mbuzi Muriel husoma vipande vya magazeti. Clover, farasi jike, anazijua herufi zote na hawezi kuziunganisha kuwa maneno. Huyo ndiye aliye karibu zaidi na mwenye daftari, mwenye vipande vyote bila sentensi. Habari ya kitanda inapomtia shaka, Clover anakwenda ukutani, anashindwa, anamwita Muriel amsomee. Muriel anasoma kwa taabu mpaka maneno ya mwisho. Clover hakumbuki kwamba shuka ziliwahi kutajwa. Lakini kwa kuwa zimeandikwa, anakubali kwamba lazima zilikuwapo.

Hakuna mahali katika riwaya ambapo mwanafunzi wa lugha ya kigeni ameonyeshwa kwa ukweli zaidi. Clover hakukosa msamiati. Muriel alimpa kila neno. Alichokosa ni ujasiri wa kuamini kumbukumbu yake dhidi ya maandishi ya watu wanaojua kusoma kuliko yeye. Mkorea aliyefundishwa kwamba kitabu cha Kiingereza hakikosei, na kwamba kosa likiwapo ni lake, anaupita ukurasa huo kwa unyenyekevu uleule. Mwalimu anayetaka kuitumia riwaya hii angefanya vema kumsimamisha hapo kabla ya kwenda mbele, amtake arudi nyuma hadi sura ya pili, amri zilipoandikwa mara ya kwanza, na alinganishe neno kwa neno kwa macho yake mwenyewe. Zoezi hilo halizidi dakika kumi, na halihitaji kamusi.

Katika sura ya mwisho Clover amezeeka na macho yamefifia. Anamvuta Benjamin taratibu kwa manyoya ya shingo mpaka mwisho wa ghala kubwa, anamwambia kwamba ukuta unaonekana tofauti, kisha anamwuliza kama amri saba bado ni zile zile za awali. Ni mara ya kwanza Benjamin anakubali kuvunja kanuni yake na kumsomea mtu ukutani.